Mizigo Haikuhitaji Mlinzi

Mama,

Nimekasirika, na wewe ndiye niliyezoea kumletea hasira zangu kabla hazijapoa. Kwa hiyo nivumilie.

Tangu tukuzike, katika chumba chako hapa mtaani Small Heath amehamia Mama Mdogo Rhoda. Goti lake bado linamsumbua. Mtoto wa Kevo amejifunza kusema "pole", ingawa mengine yote anajibu kwa Kiingereza. Hayo ndiyo mema. Sasa sikiliza mabaya.

Mwanao Kevo ameamua familia nzima twende kwenye theluji mwezi wa pili, kukukumbuka. Nilifurahi, mpaka Jumapili baada ya kanisa alipotaja mahali: kule kule tulikoenda nawe. Eti "Mum alienjoy sana kule." Ulienjoy lini, Mama? Si nilikuwepo! Kila asubuhi tulipokuwa tukifunga viatu vile vizito vya kutelezea kwenye theluji ulituambia, "Nyinyi nendeni, mimi nitaangalia mizigo. Niko sawa." Siku tano ulikaa kwenye mkahawa wa bondeni na ile chupa ya chai uliyonunua dukani Coventry Road, mabegi yetu yamekuzunguka kama mtu aliyeachwa na basi. Na mizigo yenyewe ilikuwa nini? Soksi na ndizi!

Kevo anateleza vizuri, sikatai. Anapenda miteremko mikali, na pale imejaa. Lakini asiyejua kuteleza hana pa kujifunzia karibu, na asiyetaka kuteleza hawezi hata kupanda juu kutazama, maana lifti zote ni za viti vinavyoning'inia kwenye waya, na bila ski, zile mbao za kutelezea, miguuni huruhusiwi kupanda. Nikamwuliza, sasa Mama Mdogo na goti lake atafanya nini?

"Ata-relax, sis. Kuna café poa sana."

Naye Mama Mdogo, aliyekuwa akikunja nguo pembeni, akasema, "Nyinyi nendeni tu, mimi nitakaa na mizigo." Kwa sauti yako, Mama. Kwa sauti yako kabisa.

Niligonga meza, chai ikamwagika. Nilisema maneno ambayo yangekufanya unitoe nje kwa kunivuta sikio. Kisha nikaenda kuleta simu yako.

Sikuwahi kukuambia kuhusu hiyo simu. Nilipoifungua baada ya mazishi nilikuta picha za safari ile, nyingi sana, karibu zote za mteremko mmoja kupitia kioo cha mkahawa. Umeuvuta karibu, ukauvuta tena, hadi watu wamebaki madoadoa. Ulikuwa ukitutafuta. Na sisi tulikuwa upande wa pili wa mlima, Mama. Mteremko ule hatukuugusa hata siku moja.

Kevo alizipitia picha moja moja. Chai ilikuwa bado inadondoka sakafuni na hakuna aliyeinuka kuipangusa. Mwishowe akaniuliza, "So twende wapi?"

Mahali nimepapata. Ni kijiji kidogo tu, wala hakina sifa. Uwanja wa wanaoanza uko pale pale mbele ya nyumba za wageni, na mtoto atajifunzia hapo. Kuna kibanda kinachopanda kwa waya, kinapokea hata mtu mwenye viatu vya kawaida na mkongojo, kinamfikisha kwenye mkahawa wa katikati ya mlima, ambako njia ngumu na rahisi zote hukutana. Miteremko mikali ya Kevo iko mbali kidogo, itambidi apande basi kila asubuhi. Na apande! Mwenye magoti mazima ndiye asumbuke.

Lakini usidhani hasira hii yote ni ya Kevo. Mimi nilikuwa mtu mzima. Kila siku saa sita mchana nilishuka, nikala chapati ulizotufungia, nikakuachia glavu zangu zikauke, nikaondoka tena. Hata siku moja sikukuuliza.

Nakuahidi hivi: mabegi yatabaki yamefungiwa chumbani, na kila mchana tutakula wote meza moja huko juu. Nitapanda na Mama Mdogo kwenye kile kibanda mwenyewe. Akiniambia niende, kwamba yeye yuko sawa, sitaondoka upesi. Wewe nilikuamini, Mama, kwa sababu ilinifaa kukuamini.

Pumzika sasa.

Binti yako,
Nduta