Ree Nne za Shemeji Hamadi

Nyaishozi, Karagwe

Dada yangu Mwanaisha, nakushika miguu. Kifua chako vipi sasa, na mama anaendeleaje na macho? Mimi mzima, ila baridi ya huku inaniingia mifupani, na ndizi za kupika nimezichoka, dada, nimezichoka kabisa.

Umeniuliza mumeo anarudi lini. Shemeji Hamadi haumwi, wala hajaoa huku. Ni karata. Mgiriki mwenye duka jirani yetu ameleta mchezo uitwao poka, kila mtu hugawiwa karata tano. Pembeni pana kasha. Wachezaji hutia rupia humo, na halifunguliwi mpaka mtu apate ree zote nne, zile karata kubwa kuliko zote, kwa mpigo mmoja. Mwaka wa pili huu halijafunguliwa. Shemeji ameapa hatoki Karagwe bila kasha lile.

Nilishindwa kutulia. Nikaketi na hesabu ile ya kugawa mirathi tuliyofundishwa chuoni, nikazidisha sehemu kwa sehemu hadi kichwa kikaniuma. Jibu likatoka: mara moja katika elfu hamsini na nne na ushei. Wao hugawa karata mara ishirini hivi kila jioni, kwa hiyo kwa mchezaji mmoja ni miaka saba na zaidi. Nikamwendea mbio, nikijua sasa atafunga mizigo.

Akafurahi! "Saba? Kumbe ina mwisho! Nimeshacheza miwili, imebaki mitano tu."

"Shemeji, karata hazikumbuki kitu. Kesho unaanza upya, kama mtu ambaye hajapata kucheza."

"Si wewe mwenyewe uliyesema saba?"

Kesho yake akaita watu waje kumwezekea nyumba, nyumba ya kukaa miaka mitano. Nilitaka kulia, nikaishia kumtukana.

Nisalimie mama, na mjomba mshona kofia, na mwalimu wetu wa chuoni, ila yeye usimwambie hesabu yake imefanya nini huku.

Mimi naondoka na msafara wa ngozi kwenda Bukoba, na huku sirudi tena. Jana nilimwambia Shemeji achague: afuatane nami au akuandikie talaka. Akazichanganya karata, kisha akaniuliza, "Na yeye kuningoja, ni mara ngapi katika ngapi?"

Hesabu hiyo ni yako. Mjibu mwenyewe, dada.

Ni mimi nduguyo,
Athumani