Mama Alisema Haya, Hakusema Ndiyo

Discovery Gardens, Dubai
Jumapili

Kaka Hamisi,

Shikamoo. Nakupa shikamoo yako kwa sababu mama alinilea hivyo, si kwa sababu umeistahili mwezi huu. Habari za Dodoma, habari za ofisini, habari za wifi Rehema na watoto? Kama wote wazima, alhamdulillah. Mimi ni mzima wa mwili. Roho ndiyo inayotokota, na aliyeinjika jikoni ni wewe.

Nimeamua kuandika kwa sababu simu zangu unazikata. Jumbe za sauti unazisikiliza nusu, kisha unanirudishia picha ya kidole gumba. Barua hii atakuletea Bi Saumu, jirani yangu wa hapa anayekuja huko likizo. Nimemwambia akukabidhi mkononi na asiondoke mpaka uifungue. Ukikataa kuisoma ataisoma yeye, na sauti ya Bi Saumu majirani zako wataisikia bila kutoka ndani.

Neno langu ni moja. Umemtoa mama kwenye nyumba yake Pangani, umempeleka kwako Dodoma, na nyumba umeshamwahidi mwalimu mmoja aipange kuanzia mwisho wa mwezi huu. Kila anayekuuliza unamjibu kwamba mama mwenyewe alikubali, kwamba ulimwuliza akasema haya. Baba mdogo Athumani umemjibu hivyo. Mimi umenijibu hivyo. Kaka, mama alisema haya. Hakukubali. Nataka arudishwe kwake kabla mwalimu huyo hajaingiza kitanda. Na kabla hujakunja uso wako wa ofisini, nisikilize nikusimulie ya kazini kwangu, maana bosi wangu kafanya upumbavu huo huo, ila yeye kawafanyia Wajapani.

Wewe hupenda kuwaambia watu kwamba mdogo wako yuko Dubai anacheza gemu. Sichezi. Ofisi yetu, iliyoko Silicon Oasis, ni ya kampuni ya Ulaya inayotengeneza mashine za gemu, zile za kuchomeka kwenye televisheni. Mimi nafungua chumba cha mikutano, naunganisha mashine za maonyesho, naandaa chai, na nikibahatika nabaki pembeni nikisikia. Mashine yetu inauzwa karibu kila nchi, ila Japani imegoma. Wajapani wanazo zao, wamekua nazo, na yetu wanaipita dukani kama haipo. Bosi wetu, ambaye sote tunamwita sir, aliwaapia wakubwa wake huko Ulaya kwamba yeye ndiye atakayeikuza kampuni Japani. Sir ni mtu wa kuongea. Akimaliza kuongea, anaongea tena. Mngepatana sana.

Basi akamwalika Mzee Kuroda, mwenye maduka ya gemu huko Osaka, aje aione mashine mpya. Mkalimani alikuwa Emiko, dada wa Kijapani tunayefanya naye kazi. Nilidhani mkutano huo ungekuwa wa kumsikiliza mgeni. Kumbe kila kitu kilikuwa kimeshapangwa, na sir alikuwa amekwisha kuchapisha hata karatasi za kubandika madirishani mwa maduka ya mzee wa watu. Kilichobaki ni kumwuliza tu, kwa adabu.

Akamwuliza kama angeiweka mashine yetu mbele, pale mlangoni. Mzee akainamisha kichwa, akasema, "Hai," ambayo sir aliijua kuwa ni ndiyo ya Kijapani. Akamwuliza kama wateja wake wangevumilia mwaka wa kwanza, maana gemu nyingi zingekuwa za Kizungu na za Kijapani zingefuata baadaye. "Hai." Kisha mzee akainyanyua mashine kwa mikono miwili, akaitazama juu na chini, akairudisha mezani polepole, akasema ni nzuri, ni kubwa sana. Sir akafurahi kwa kusifiwa. Mimi nilimkumbuka mama pale jirani anapomletea mkate ulioungua, naye mama akamwambia, "Umejitahidi, mwanangu."

Sir alipotaja idadi ya mashine anazotaka mzee azichukue, mzee akavuta hewa kupitia meno. Si kufyonya kwa dharau kama kwetu. Ilikuwa pumzi ya mtu aliyemwagiwa maji ya baridi. Emiko akatafsiri kwamba jambo hilo ni gumu kidogo. Sir akajibu kwamba magumu ndiyo kazi yetu. Mzee akainamisha kichwa tena, hai, hai, na sir akapiga meza kwa kiganja akasema khalas, Japani imekwisha.

Hapo akaniambia niongeze chai, nami kwa mazoea nikamjibu, "Haya, sir." Akacheka mpaka akakohoa, akawaambia wenzake kwamba hata Zaina keshajua Kijapani. Wote wakacheka isipokuwa Emiko. Baadaye alinifuata kwenye chumba cha chai akaniuliza neno langu lile lina maana gani kwetu.

Nikamwambia lina maana nyingi. Ni twende. Ni basi. Ni nimekusikia. Ni sitaki ugomvi mbele za watu. Ni fanya utakavyo, Mungu anakuona. Na mara moja moja ni ndiyo. Emiko akaweka kikombe chini, akasema hai yao mara nyingi ni hiyo hiyo. Mtu anakujulisha kwamba sauti yako imemfikia, na kwamba hatakuaibisha. Mzee Kuroda hakuwa amekubali hata moja.

Nikamwuliza sasa kampuni ifanye nini ili ikue huko. Alikuwa na majibu mengi, masikini, na hakuna aliyewahi kumwuliza. Vyumba vya kwao ni vidogo, kuta ni nyembamba, na watu wengi huchezea kwenye treni au chini ya blanketi. Mashine kubwa inayovuma kama feni haiendi popote. Gemu lazima zitengenezwe na watu wa huko, kwa lugha iliyonyooka, na zitoke siku moja na za Ulaya, siyo kuwapa Wajapani makombo baadaye. Hata vibonye vya mashine yetu vimekaa kinyume. Kwao duara ni sahihi na msalaba ni kosa, ndivyo mwalimu anavyosahihisha daftari, na sisi tumeweka msalaba ndio wa kukubali. Nikacheka, maana hata sisi Pangani mwalimu akikuwekea msalaba unajua umekosa. Lakini kubwa kuliko yote, alisema, usiende kwa mtu na kitu kilichokwisha halafu ukamwomba ruhusa. Nenda mapema, na uwe tayari kubadilisha.

Akayapeleka hayo kwa sir, naye akamjibu, "Ndiyo yake nimeisikia kwa masikio yangu mwenyewe." Unamsikia huyo, kaka? Si kama wewe uliponiambia haya ya mama uliisikia kwa masikio yako mwenyewe? Mimi nami nikaropoka mbele ya wote kwamba mzee hakukubali. Sir hakunitazama. Alisema, "Yalla, Zaina, chai." Tangu siku hiyo chai naipeleka mpaka mlangoni tu, anaipokea mwingine.

Mzee Kuroda alirudi Osaka, akatuma shukrani ndefu, na akaagiza mashine chache kwa heshima ya chakula alicholishwa. Binamu yake Emiko akaenda kutazama duka. Zimewekwa ghorofa ya juu, karibu na waya zilizotumika. Sir aliandika Ulaya kwamba mkalimani alitafsiri vibaya. Wakamwamini. Emiko amesimamishwa kazi, na visa ya kukaa hapa alikuwa anaitegemea kazi hiyo. Nilipomsaidia kubeba vitu vyake mpaka kwenye teksi aliniambia hana hasira. Nikamwambia mimi ninazo za kututosha sote wawili.

Nilikuwa bado nimesimama pale teksi ilipoondokea ndipo ujumbe wako wa sauti ulipoingia. "Mama keshafika Dodoma. Alikubali bila tabu, alisema haya." Ulisema kwa sauti ile ile ya sir anapopiga meza.

Baba mdogo Athumani ameshanieleza ulivyomwuliza. Ulikuja na gari la mizigo. Godoro lake lilikuwa limeshapakiwa. Majirani walikuwa wamejaa uani, Bi Mwanamkuu ameshika kikombe cha mama mkononi hajui akiweke wapi, na wewe, umesimama, umevaa miwani, ndipo unamwuliza, "Mama, si tunaondoka?" Ulitaka akujibu nini? Akuvue nguo mbele ya watu, mwanawe wa kwanza, mtu wa serikali? Mama ni mtu wa haya, kaka, na ilikuwa haya iliyomfanya aseme haya. Wewe umezaliwa ndani ya lugha hii, hukuletewa mkalimani. Sir walau alikuwa mgeni.

Usiniambie habari za hospitali kuwa karibu, wala za televisheni kubwa, wala kwamba mama sasa hafagii. Najua kwako kuna vitu vizuri. Mashine yetu nayo ni nzuri. Mama Pangani alikuwa na uwanja wa kufagia, na watu wa kumwuliza kalalaje, na kikapu cha vitumbua vya kuuza kilichokuwa kinakwisha kabla jua halijawa kali. Kwako ana kochi. Watoto wako shuleni, wifi yuko kazini, geti limefungwa kwa kufuli, na hodi haibishwi na mtu. Hilo umelifanya kwa kumpenda, sikatai, na ndilo linaloniudhi zaidi, maana ungekuwa mwovu tu ningekushitaki kwa wazee tukamaliza.

Mwenzangu wa chumbani, Wanjiku wa Nakuru, nilimsimulia yote mawili kwa pamoja, ya sir na yako. Akasema, "Huyo boss wako ako na kichwa ngumu, lakini brathe yako amemshinda." Nilikutetea kidogo, kisha nikachoka.

Nikampigia mama. Wifi ndiye aliyepokea, Mungu ambariki, akampa simu akatoka nje. Nikamwuliza kama ni mzima. "Haya tu, mwanangu, nipo." Nikamwuliza kama anakula. "Haya, nakula." Nikamwuliza kama Dodoma kuzuri. "Haya, kuzuri." Nikajiona nami nimeketi kwenye kiti cha sir. Basi nikaacha kumwuliza maswali ya kujibiwa haya. Nikamwambia anieleze siku yake tangu anapoamka, kisha nikanyamaza. Nilidhani salio limekwisha. Halafu akasema, taratibu kabisa, kama anayeogopa asisikike ukumbini:

"Zaina, hapa kila nikiinuka naambiwa kaa, mama, kaa. Nimechoka kukaa. Nataka kwangu."

Sikutafsiri, kaka, wala sikuongeza. Hayo ndiyo maneno yake. Nilimwuliza kwa nini hakukwambia wewe, akasema, "Hamisi hakuniuliza. Aliniarifu."

Kwa hiyo nimefanya yangu. Baba mdogo ameshamwona yule mwalimu na kumweleza kwamba nyumba ina mwenyewe, na mwenyewe anarudi. Mwalimu ni muungwana, ameshapata chumba kwingine. Ijumaa hii baada ya swala baba mdogo atafika kwako. Haji kukuomba. Wala usimwandalie chakula cha kumchelewesha, maana wanataka kuanza safari kabla giza. Ukiona vibaya watu wakimwona mama anaondoka, panda gari nao, umfikishe mwenyewe mpaka mlangoni, na huko Pangani utakuwa umemrudisha wewe. Nakupa hiyo heshima, ichukue. Ukitaka kumsaidia, bati la jikoni linavuja na yeye amekuwa akilisema tangu masika. Kwa hilo hakuwahi kusema haya.

Nisalimie wifi Rehema, mwambie namshukuru kwa kutoka nje siku ile. Nisalimie wanao wote, yule mkubwa mwambie aache kumwomba shangazi mashine ya gemu, kwanza haendi nayo popote, ni kubwa. Msalimie pia yule mlinzi wa getini kwako, mama anasema ndiye pekee anayemwuliza amelalaje. Mama usimsalimie kwa niaba yangu. Naongea naye kila siku.

Jambo la mwisho, kisha nakuacha. Nenda chumbani kwake utazame nyuma ya mlango. Begi lake liko pale. Tangu siku ulipomleta hajalifungua, na wewe unaingia humo kila jioni kumwambia usiku mwema.

Ni mimi mdogo wako, mwenye hasira na wewe na asiye na kaka mwingine,

Zaina