Jina Langu Kwenye Orodha ya Wafu

Lowell,
20 Oktoba 1985

Kaka yangu mpendwa Sarith,

Pokea salamu zangu nyingi, na baada ya salamu nakuuliza hali yako. Kifua bado kinakusumbua? Maji mnayogawiwa hapo kambini yanatosha? Mimi ni mzima wa afya. Sentensi hiyo naomba uisome mara mbili, maana uliambiwa nilikufa. Ni mimi, Thavy, mdogo wako.

Barua yako kwa Mama Chhorn ilifika mwezi wa nane. Ulimwuliza, kwa kuwa alikuwa jirani yetu Battambang, kaburi langu liko upande gani wa kambi. Ukamwomba pia jina langu lisomwe hekaluni siku za Pchum Ben, wafu wanapolishwa, nisije nikazurura na njaa pamoja na wafu wasio na ndugu. Macho yake hayaoni vizuri, kwa hiyo mimi ndiye niliyemsomea. Nilisoma hadi mwisho bila sauti kukatika. Siku hizi ni hodari wa mambo hayo.

Ulipochukuliwa kwenda kuchimba mifereji usirudi, nilijua umekufa kama baba na mama. Nilifika mpakani peke yangu. Mama Chhorn na mumewe, Mzee Samoeun, walikuwa wameandikishwa watu watano pamoja na watoto wao watatu, na wiki moja kabla ya mahojiano yao ya kuhamia ng'ambo binti yao mkubwa Kunthea akafa kwa homa. Mama Chhorn akanifuata hata machozi hayajakauka: “Nafasi ya mwanangu itapotea bure, na wewe huna mtu. Ingia wewe.” Kunthea tukamzika kwa jina langu, na mimi nikapanda ndege kwa jina lake. Mfa maji haachi kutapatapa, kaka.

Huku nafanya kazi kiwandani, nachomelea vijiwaya vyembamba kama miguu ya sisimizi. Jirani wa chini aliwahi kuita polisi akidai tumeficha maiti, kumbe ni prahok yetu tu, samaki wa kuvundika. Mzee Samoeun, mwalimu mkuu wa zamani, anafagia shule. Anasema angalau bado yumo kwenye elimu. Sisi tunacheka, yeye hacheki.

Miaka yote hiyo Mama Chhorn hakuweza kumpelekea mtawa jina la bintiye. Angelipelekaje, na hekalu zima linaniona nimekaa ubavuni pake nikiitwa Kunthea? Barua yako ndiyo iliyompa njia. Mwaka huu alimwandikisha Thavy, na matonge ya wali wa kunata niliyafinyanga mwenyewe. Mtawa aliposoma jina langu, Mama Chhorn alilia mpaka wanawake wakanong'onezana, “Jamani, mtoto wa jirani tu anamlilia hivi! Mama huyu ana roho nzuri.” Tuliporudi nyumbani aliniuliza kama nadhani mwanawe alijua kwamba ndiye anayeitwa, au alibaki kando akimngoja huyo Thavy aje ale. Nikamwambia alijua. Sijui, kaka. Ningejuaje?

Sasa nifikie lililonifanya nishike kalamu. Mwezi wa tano, kabla ya barua yako, afisa mmoja wa wakimbizi alituita kuhusu ombi lako la kunitafuta. Mlangoni Mzee Samoeun aliniambia kwa sauti ya chini, “Ukisema ndiyo, tumekwisha wote, na hawa watoto wawili.” Afisa akaweka picha yako mezani. Umekonda, lakini kovu la nyusi nililitambua, maana ni mimi niliyekujeruhi kwa jembe. Akaniuliza kama nakufahamu. Nikasema, “Simfahamu.” Akauliza tena, polepole, kama mtu anayenionea huruma. Nikamjibu kwamba Thavy alikuwa msichana aliyefia kambini, na hakuwa na kaka.

Kwa hiyo si ofisi iliyoniua. Ni mimi.

Ningependa kukuambia nilifanya hivyo kwa ajili ya wale watoto. Ningekuwa nakudanganya. Nilifikiria kitanda changu, na masomo ya jioni ninayomaliza mwezi wa sita mwakani, nikaogopa kwa ajili yangu mwenyewe. Najionea haya, lakini hofu yenyewe haijaondoka.

Barua hii ni mwandiko wangu na nimetia sahihi jina langu kamili. Ukiipeleka ofisi ya kambi, ni ushahidi kwamba una dada aliye hai. Huenda wakakuleta, na huenda sisi wakatufukuza. Sikukatazi. Lakini kule mashambani tulikolimishwa kwa nguvu wewe ndiye uliyekuwa ukinipa uji wako ukisema umeshiba. Nakujua, hutaipeleka. Ndiyo maana nimethubutu kuiandika.

Siwezi kukuomba unisalimie mtu, kwa kuwa kwa wote hapo mimi ni marehemu. Mama Chhorn hajui kwamba nimekuandikia. Jikinge na mvua, na kifua hicho usikipuuze.

Ni mimi mdogo wako,
Keo Thavy