Jumapili Tuliyongoja Kengele

Baba,

Za huko sikuulizi. Mwenyewe ulikuwa ukisema huko hakuna kiangazi wala homa, kwa hivyo acha nikupe za huku, maana huku ndiko kwenye maneno.

Mama ni mzima, ila mguu unamsumbua asubuhi, na bado anapika ugali wa watu wengi kuliko tulivyo. Kaka Mutuku amerudi Athi River kwenye kazi yake ya simiti. Mimi bado nashona nguo pale soko la Kithimani. Ndengu za shamba la chini zimekubali mwaka huu. Ungezishika kwenye kiganja ukazirudisha bila neno, nasi tungejua umefurahi.

Kanisa nalo, Baba, lilitaka kutushinda.

Unajua ile rimu ya lori uliyoitundika kwenye mgunga mbele ya kanisa, ndiyo kengele yetu. Tangu nikiwa mtoto sikuwahi kusikia mtu mwingine akiipiga. Kila Jumapili ulichukua nondo yako ya kuipigia nyuma ya mlango, ukapita dirishani kwangu na kusema, "Mwaitu, ninatangulia." Uliniita mama yako kwa sababu nina jina lake, na nadhani pia kwa sababu uliniogopa kidogo nikikasirika. Kisha tulisikia rimu, na kijiji kizima kikaanza kutafuta viatu.

Ulipofariki, nondo ilibaki nyuma ya mlango. Wazee wa kanisa hawakuja kuichukua, kwa heshima. Walisema si vizuri kuingia nyumba ya msiba kudai chombo cha marehemu, wenye nyumba wataitoa wakiwa tayari. Sisi nasi hatukuipeleka, kwa adabu. Mama alisema tukiipeleka bila kuombwa tutaonekana tunachagua mrithi wa kazi ya kanisa. Tukakaa hivyo, tukiheshimiana. Mwanzoni watu walikuja tu, wakiwa bado na uchungu wa mazishi. Baadaye wakaanza kuchelewa, kila mmoja akiwa na hakika kwamba mtu fulani atapiga. Saa tuko nazo, Baba. Mzee Kioko, mwenyekiti wa wazee, anayo moja ya mkono inayong'aa, lakini kazi yake ni kuvaliwa.

Ikafika Jumapili ya Meza ya Bwana. Mchungaji ana makanisa mengi, na kwetu anafika mara moja kwa mwezi na pikipiki yake. Siku hiyo nilipiga pasi rinda jeupe la Mama, nikamfunga kitambaa, tukatoa viti, tukakaa nje ya mlango tukingoja. Kule ng'ambo niliwaona watu wa kwa Kioko nao wamekaa nje, wamevaa, wanangoja. Jua likapanda. Mama akasema, "Bado hawajapiga." Nikasema, "Bado." Hakuna aliyeuliza ni akina nani hao ambao hawajapiga.

Nilimtazama Mama akiwa amelitegea kanisa sikio, nikajua hangoji ibada. Alikuwa anakungoja wewe. Hata mimi nilikuwa nimekaa pale na hamu yako, nikijiambia kwamba ikiwa hakuna aliyepiga, basi labda mpigaji yuko njiani.

Aliyekuja njiani ni Susu Mbithe, yule bibi kiziwi anayekaa karibu na mto. Alikuwa anatoka kanisani. Alitukuta tumeng'ara hivyo, akasimama na fimbo yake na kuuliza kwa ile sauti yake ya kuita ng'ombe, "Nyinyi mnaenda harusi ya nani?"

Yeye kengele yako haisikii. Akiona jua limegusa mlango wake, anakwenda. Mchungaji alimkuta peke yake kwenye benchi la mbele. Akangoja, akangoja, mwisho akampa Meza yeye peke yake, akasoma maneno yote kana kwamba kanisa limejaa, akawasha pikipiki akaondoka. Susu alitueleza haya akicheka. Sisi tulitazama viatu vyetu.

Jumapili iliyofuata watu walifika bila kuitwa, kwa aibu, na kila mtu alikuwa na neno. "Si sisi tulikuwa tunangoja kengele?" "Hata mimi niko na masikio, sikusikia kitu." "Hii ni kazi ya wazee." "Wazee tulikuwa tunangoja familia." Mzee Kioko akatoa wazo la kuunda kamati ya kengele, iwe na mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Mweka hazina wa rimu, Baba. Nilikutafuta kwa macho ili tucheke kama tulivyozoea, na pale ulipopenda kukaa, karibu na ukuta, palikuwa na mtu mwingine.

Ndipo Mama akasimama. Unamjua Mama, tangu umuoe hajawahi kusema lolote kwenye mkutano wa kanisa. Alitoa nondo chini ya leso yake, akaiweka mezani mbele ya Kioko. "Hii si ya nyumba yangu," akasema. "Na pia si ya wazee. Mwenye atafika kwanza apige. Na mwenye hasikii aje tu, kama Mbithe." Akakaa. Kamati ikafia hapo.

Mambo hayakunyooka siku hiyo hiyo. Kuna Jumapili Kioko alipiga mapema mno, watu wakadhani kuna moto, wakaja na ndoo za maji. Nyingine, kina mama wawili walifika pamoja, kila mmoja akimwambia mwenzake piga wewe, mpaka ibada ikachelewa. Lakini watu wanakuja. Na kuna jingine limeanza. Zamani mtu akikosa kuonekana kanisani, tulijua Jumatatu utapita kwake, nasi tukaendelea na mambo yetu. Mzigo huo uliubeba peke yako mpaka tukasahau kwamba una uzito. Siku hizi tunaulizana, nani amemwona fulani, na anayeuliza ndiye anayetumwa. Nakulaumu kidogo, Baba. Ulikuwa mwema kupita kiasi, ukatuacha na mikono laini.

Mimi kazi hiyo ya kengele sikuitaka. Lakini Jumapili hii iliyopita usingizi ulinikatikia mapema, nikaona heri niende. Nilimkuta Susu Mbithe ndani, kwenye benchi lake. Akanishika mkono na kuniambia kwamba ulikuwa ukifika unakaa kwanza kando yake, kimya, ndipo unatoka kwenda kupiga. "Sijui alikuwa anaomba ama analala," akasema. "Lakini nilikuwa naona vizuri akikaa." Miaka yote hiyo nilidhani huko ulikuwa peke yako. Nikakaa naye kidogo, halafu nikatoka.

Nondo ni nzito. Nilisimama chini ya mgunga na mkono hauinuki. Nilijua nikipiga, kila mtu kijijini atajua kwamba si wewe, na mimi mwenyewe nitajua. Nikapiga. Ililia vibaya, kama sufuria iliyoanguka. Nikapiga tena na tena huku nalia, na hakuna aliyekuja nyuma yangu kuniambia niishike chini kidogo. Hapo ndipo nilipokuzika, Baba. Siku ya mazishi nilikuwa nabeba tu sahani za wageni.

Wa kwanza kutokea njiani alikuwa Mama, na mguu wake ule. Akanipangusa uso kwa ncha ya leso. "Umepiga vibaya," akasema. "Lakini nimesikia."

Leo ni Jumapili tena na watu wameshatawanyika. Nduku, jirani yetu aliyezika mtoto baada yako, hakuonekana, na wiki iliyopita pia hakuonekana. Nilikuwa karibu kumwambia Mzee Kioko apite kwake, neno likiwa tayari mdomoni, nikalimeza. Kesho nitafunga cherehani mapema niende kwake. Sijui nitamwambia nini, maana mimi si wewe. Nitabisha hodi kwanza, mengine nitayajua nikiwa ndani.

Hamu yako haijapungua, na sikuombi uiondoe. Bado nikisikia hatua za mtu nje ya dirisha Jumapili asubuhi, moyo unaruka kabla sijaukanya. Lakini nisingependa ulale huko ukiwa na wasiwasi juu ya kanisa lako. Umetuamsha vya kutosha. Pumzika, Baba yangu. Tutaamka wenyewe.

Binti yako,
Wayua