Soksi za Baba

Mwenzangu, uko hapo? Nimeaibika leo mpaka basi.

Unajua najifunza kurusha vitu vitatu hewani bila kuviangusha, kama baba alivyokuwa akituchekesha kwa soksi zake alizoziviringa? Basi bingwa nimefumaniwa.

Anayejifunza anatakiwa asimame mbele ya kitanda, ili soksi zikianguka asiiname kila saa. Na kitanda kilichoinuka humu ndani ni kimoja tu. Cha marehemu baba.

Mara mlango ukafunguliwa. Nani? Shangazi! Kaja na mifuko kuchukua nguo za kaka yake akazigawe, na mimi nilivyo na akili nyingi nilikuwa nimeshasahau.

"Unakitupia soksi kitanda cha kaka yangu?"

Nami kwa busara zangu zote nikajibu, "Nafanya mazoezi, Shangazi."

"Mazoezi!" Yaani alilitamka kama mtu aliyeonja dawa chungu. "Msiba haujapoa, mwenzetu yuko mazoezini!"

Nikamwambia achukue mashati, makoti, viatu, kila kitu. Soksi hizi hapana. Nikakumbatia jozi mbili kifuani kama mtoto mdogo. Aibu juu ya aibu.

Akaokota jozi moja kitandani, akaitazama, akairusha juu. Ikamtua kwenye kilemba.

"Kaka yangu alianza na mbili," akasema. "Wewe una haraka ya nini?"

Mifuko imeondoka imejaa. Soksi ninazo. Na kesho mheshimiwa Shangazi anarudi, eti kunisimamia.