Panya Wako na Mguu wa Mama Yako

Nekesa, mpwa wangu,

Ni mimi Khocha, ndugu mkubwa wa mama yako. Tangu tukuzike Bungoma, mahindi yamevunwa, nimenunua simu ya kugusa, ya kwanza kwa ploti yetu hapa Tuwan, na watu wananiita daktari. Usicheke.

Kosa ni lako. Ile likizo yako ya mwisho ya chuo, tukipepeta maharagwe, uliniambia ati panya wakinyimwa chakula, seli shina zao, zile mbegu za mwili, huamka, zikatengeneza nyama mpya hata kwa panya mzee. Nikasema, "Seli mimi najua ya polisi tu." Ulicheka mpaka ungo ukapinduka.

Basi baada ya matanga nikatangaza. Si unanijua? Nikasema nimefunga siku kumi na mbili, maji matupu, kovu la panga gotini likafutika na gego likaota upya. Wazee walitoka Endebess kuja kunichungulia mdomo, bana! Na kumbe kila siku saa nne asubuhi nilikuwa Kipsongo, nyuma ya kibanda cha chai, nikimeza mandazi.

Sikujua mama yako anasikia. Kidonda chake cha mguu, kile cha sukari, bado hakijafunga. Juzi akanijia na begi: "Ndugu yangu, nitafunga na wewe. Hata mimi nataka nyama mpya." Leo ni siku ya tatu. Dawa anameza tumbo likiwa tupu. Anatetemeka, jasho linamtoka, halafu ananiambia, "Naona inaanza kufanya kazi." Nekesa, mimi ndiye nimefungwa. Mdomo wangu ndio umefunga mlango.

Asubuhi nilishindwa kuvumilia. Nikapiga magoti: "Dada, nilidanganya. Nilikuwa nakula mandazi." Akanishika kichwa kama mtoto. "Wacha uongo. Unaogopa tu nisikufie kama Nekesa."

Umeona? Uongo wangu wote umeaminiwa, na ukweli wangu mmoja umekataliwa.

Lakini siku ile ya maharagwe ulimaliza habari yako, ni mimi nilichukua nusu. Nusu nyingine haikuwa ya kuniletea sifa. Ulisema njaa peke yake haijengi kitu. Panya akirudishiwa chakula ndipo nyama inatengenezwa. Tena ukasema, "Khocha, hao ni panya. Kwa watu bado hatujui. Na mtu wa sukari asijaribu hata kidogo."

Mimi, mama yako haniamini tena. Wewe hakuwahi kukukatalia neno.

Uji wa wimbi uko tayari. Nampelekea sasa hivi, na nitasema ni maneno yako, yote, bila kuongeza hata moja langu. Akimaliza kikombe nampeleka kliniki, hata kama ni mgongoni. Akikataa nitayasema tena, na tena, mpaka asikie sauti yako. Hiyo ni ahadi, na hii siipambi.

Pumzika, mtoto wa dada.

Khocha wako