Kisufuria cha Uji

Baba Kidoti,

Nimepeleka mishumaa dukani. Nta iliyobaki iko kwenye kisufuria cha uji, ndani ya sufuria ya maji. Ukiwasha jiko usiache maji yakauke, nta itashika moto.

Asubuhi ulinifokea kwamba nimeharibu chombo cha mtoto. Nikakujibu kina mdomo mzuri wa kumiminia. ~~Nitakisugua.~~ Sikisugui. Chombo kikishaingia nta hakirudi tena kwenye chakula, na ndiyo maana nilikichagua. Tangu tumzike Kidoti, kila nikiamka mkono unakifuata wenyewe. Nabandika uji, nakoroga mpaka unaiva, ndipo nakumbuka hakuna wa kumlisha. Wewe ulikuwa umelala.

Chai iko kwenye chupa.

~~Mke wako~~
Mama Kidoti